Nani Anywee Kikombe cha Bi Mwantumu?

Nina kesi mkononi na sina pa kuipeleka, ndiyo maana nimewaita. Kaeni. Mwenye mtoto mkorofi amshike, mwenye usingizi akanawe uso, kwa sababu nikimaliza nitauliza swali moja tu, na sitaki mtu aniambie hakusikia vizuri.

Kesi yenyewe ni ya wanawake watatu na kikombe kimoja.

Wa kwanza ni Chausiku, binti mkubwa wa marehemu Bi Mwantumu. Mungu alimpa Chausiku kumbukumbu. Ukimwambia neno leo, mwakani atakurudishia lilelile, pamoja na kikohozi ulichokohoa katikati. Kwa sababu hiyo watu wengi hapa mjini hawapendi kuongea naye.

Wa pili ni Mwajabu, mdogo wake; wote wawili wameolewa hapa hapa mjini. Huyu alipewa uso, uso usiosema kitu. Unaweza kumtukana Mwajabu, akakukaribisha chai, ukarudi kwako unajiona mshindi. Mimi niliyempokea siku anazaliwa nawaambia, alilia mara moja tu, kisha akanyamaza akawa anatutazama.

Wa tatu ni Tausi, na huyu si ndugu yao. Ni mke aliyeolewa na baba yao baada ya mama yao kufa. Kipaji cha Tausi ni kutosubiri. Akisikia njaa anakula. Akiona cha kuchekesha anacheka hapo hapo, hata kama ni msibani. La leo kwake ni la leo.

Na mimi ni Bi Sikudhani, mkunga. Nusu yenu mnaonisikiliza nimewapokea kwa mikono hii, kwa hiyo msinikate maneno.

Sasa sikilizeni uovu wenyewe. Bi Mwantumu alikuwa akisuka mikeka. Alisuka misimu miwili ya mvua, vidole vikipasuka, akakusanya, akanunua seti ya chai: birika, visahani sita na vikombe sita vya kauri, vyeupe, vina maua ya waridi na ukingo wa rangi ya dhahabu. Alivileta nyumbani amevikumbatia. Mumewe, Mzee Mbaruku, aliyekuwa nyapara kwenye shamba la mkonge, alivitazama, akavipenda, akavipanga kwenye kabati la vioo sebuleni, akafunga. Ufunguo akautia uzi mweusi akauvaa shingoni. Akasema, "Hivi ni vya wageni. Akiba haiozi."

Hapo hamjaona kosa, najua. Nani kati yetu hana kabati? Mimi mwenyewe nina mashuka ambayo hayajawahi kuona kitanda. Lakini ngojeni niwaambie wageni wenyewe walivyopokelewa.

Nilikuja mimi, siku nimemtoa Mwajabu salama, mama na mtoto wazima. Nikapewa chai kwenye kopo la plastiki la kijani, limeungua ukingoni. Bi Mwantumu akanong'ona, "Mume wangu, hata mkunga?" Mbaruku akajibu kwa sauti nikisikia, "Mkunga ni mtu wa hapa hapa." Akaja shehe kusoma dua, naye akapewa kopo. "Shehe hajali mambo ya dunia," Mbaruku akasema. Akaja mwalimu mkuu, kwa miguu, kwenye jua, kumsifu Chausiku kwa masomo yake. Kopo. "Mwalimu atakuja tena, haendi popote." Alikuwa akimngoja mgeni gani, mpaka leo sijui. Labda malaika.

Bi Mwantumu mwenyewe alikunywa chai yake kwenye kikombe cha bati kilichobanduka rangi. Kila Ijumaa Mbaruku alimfungulia kabati, akasimama pembeni kumwangalia, naye akavifuta vikombe vyake kimoja kimoja na kuvirudisha. Miaka yote ile kazi yake kwa vikombe vyake ilikuwa kuvifuta vumbi.

Kisha akaugua. Mwisho akawa hamezi kitu ila uji, na uji wenyewe kwa kubembelezwa. Asubuhi moja ya Jumatano, nami nipo chumbani nimemshika mkono, akasema, "Leo nipeni kwenye kikombe changu cha maua."

Chausiku akatoka mbio kwenda barazani kwa baba yake. Mlango ulikuwa wazi, tulisikia wote.

"Baba, naomba ufunguo. Mama anataka uji kwenye kikombe chake."

"Akipona," Mbaruku akasema. Akakohoa. "Kikombe cha mgonjwa kinashika harufu ya dawa. Mwambie asubiri, akipona tutavitoa vyote sita."

Uji ukaja kwenye lile kopo la kijani. Bi Mwantumu akalitazama. Mwanamke yule sikuwahi kumsikia akilaani hata kuku aliyempindulia unga, lakini siku ile aligeuza uso ukutani akasema, polepole, mabinti zake wote wawili wakisikia: "Kikombe changu atakinywea atakayenilipizia."

Adhuhuri haikumkuta. Uji ukabaki pale kitandani, umepoa, umeshika ngozi juu.

Waliokuja kumzika walikunywa kwenye makopo. Siku ya kugawa vitu vya marehemu, khanga zake ziligawiwa, hata kandambili zake ziligawiwa. Shehe alipoelekeza macho kwenye kabati, Mbaruku akasema, "Hivyo ni vyombo vya nyumba." Na mwezi wa tano baada ya mazishi akaoa.

Akamwoa Tausi kutoka mji wa pili, umri sawa na Chausiku. Asubuhi ya kwanza ya fungate mabinti wakaenda kumwamkia baba yao, kama adabu inavyotaka. Wakamkuta bibi harusi amekaa barazani, amejipaka hina mpya, anakunywa chai ya tangawizi kwenye kikombe cha maua ya waridi.

"Mbona mnashangaa?" Mbaruku akawauliza. "Huyu si mgeni?"

Chausiku alikuja kwangu, Mwajabu nyuma yake. Akashika mchi wangu wa kutwangia, anataka kwenda kuvunja kabati na kichwa cha aliyelifunga. Mwajabu akamshika mkono.

"Ukivunja leo, kesho mji mzima utamhurumia yeye," Mwajabu akasema. "Utakuwa binti mwenye wivu na mke wa baba."

"Basi tukae tu?"

"Wewe kumbuka. Usisahau hata neno moja. Mimi nitacheka naye."

Nilifikiri anatania. Kumbe Mwajabu alitoka hapo akarudi kwa baba yake, akasema amekuja kumhudumia bibi harusi fungate nzima, maana bibi harusi hagusi kazi. Mbaruku akafurahi, akasema huyu ndiye binti mwenye akili. Siku saba Mwajabu alichemsha chai, akaimimina kwenye kikombe cha mama yake, akampelekea mwanamke mwingine, akasimama pembeni akitabasamu, akauliza, "Sukari imetosha, mama mdogo?" Kisha akakiosha, akakikausha, akampa baba yake akifungie. Siku ya tano nilimkuta kisimani nikamuuliza anawezaje. Alifungua mdomo akanionyesha mashavu kwa ndani. Alikuwa ameyauma mpaka yamekuwa vidonda, huku na huku. Nami, ndugu zangu, nilifurahi kuona vile vidonda, kwa sababu nilijua tumbo lililozaa hasira ile halikuzaa bure.

Siku ya nane Tausi akaamka akangoja chai yake. Mbaruku akamletea mwenyewe, kwenye kikombe cha bati kilichobanduka rangi.

"Kile cha maua kiko wapi?" Tausi akauliza.

"Mgeni siku mbili, mke wangu, ya tatu mpe jembe," Mbaruku akasema, anacheka. "Wewe nimekupa saba. Sasa umekuwa mwenyeji."

"Na hiki kilikuwa cha nani?"

"Cha nyumba."

Tausi hakunywa. Alikwenda nacho jikoni moja kwa moja, akakiweka mbele ya Mwajabu, akauliza swali lilelile. Hapo ndipo uso wa Mwajabu uliposhindwa. Alilia, akamweleza yote, tangu mikeka mpaka uji.

Tausi akamsikiliza mpaka mwisho. "Yaani siku saba nimekinywea kikombe alichonyimwa maiti, na wewe ukaniuliza kama sukari imetosha?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa sikujui. Nilidhani utacheka."

"Na sasa?"

"Sasa umepewa bati."

Tausi akachukua kile kikombe cha bati akamwaga chai yake majivuni. "Ndugu zangu wanakuja kesho, Ijumaa, kunitazama," akasema. "Lakini kwa nini tungoje Ijumaa? Twende tukamalizane naye sasa hivi."

"Tungoje," Mwajabu akasema. "Kisasi kinataka mashahidi."

Sasa mnajua kwamba ndugu wa bibi harusi wakija baada ya fungate hupokewa kwa heshima zote. Mbaruku alikuwa ameshapanga kuwapa makopo. Alisema wakwe ni wawili, baba wa Tausi na shangazi yake, na seti ya watu sita haikatwi kwa ajili ya watu wawili. Mwajabu akamwambia kwa sauti laini, "Kweli, baba. Basi tuwaalike na shehe, mwalimu mkuu na Bi Sikudhani. Nawe wa sita. Wakwe waone unavyoheshimiwa mjini." Mbaruku alivimba kwa furaha. Akakubali watu waalikwe. Lakini ufunguo? "Tutaona siku yenyewe," akasema.

Siku yenyewe, asubuhi, Tausi akatwanga singo ya kusugulia mwili, ya liwa na karafuu. Akamwambia mumewe, "Njoo nikusinge mgongo, usikae mbele ya wakwe na ngozi ya nyapara." Mbaruku akakaa kwenye kigoda uani. "Vua na huu uzi, unazuia mkono," Tausi akasema. Na yule mzee, ambaye ufunguo haukumtoka shingoni hata siku ya kumzika mkewe, akauvua mwenyewe akampa. Akasingwa, akaoga, akavaa kanzu, akaenda msikitini anajinusa mabega.

Aliporudi na wageni, vikombe vilikuwa nje. Kabati limeachwa wazi, tupu. Sisi wageni watano tukakaribishwa mkekani barazani, kila mmoja akapewa kikombe cha maua chenye chai ya moto. Kikombe cha sita kikatiwa uji, kikawekwa chini mahali ambapo hakuna mtu aliyekaa. Mbele ya Mbaruku, Tausi akaweka kopo la plastiki la kijani. Ndani kulikuwa na uji pia, uliopikwa tangu alfajiri, umepoa, umeshika ngozi.

Mbaruku akapapasa shingo. Alitaka kupiga kelele, lakini mkwe wake alikuwa amekaa goti kwa goti naye. Akatabasamu. Lile tabasamu nililinywa pamoja na chai yangu, na sijapata kunywa chai tamu kama ile.

"Uji wa nini huu, mke wangu?" akauliza.

Akajibiwa na Chausiku, aliyekuwa amesimama mlangoni. Hakumjibu kwa sauti yake, alimjibu kwa sauti ya baba yake. "Mkunga ni mtu wa hapa hapa," akasema, akinitazama mimi. Akamgeukia shehe: "Shehe hajali mambo ya dunia." Akamgeukia mwalimu: "Mwalimu atakuja tena, haendi popote." Wazee wale wakashtuka, kwa sababu kila mmoja alikuwepo siku yake, na kila mmoja aliyakumbuka. Kisha akawageukia wakwe, akawaambia mama yake aliomba nini asubuhi ya Jumatano ile, na akalitoa jibu zima, kikohozi mahali pake: "Akipona. Kikombe cha mgonjwa kinashika harufu ya dawa. Mwambie asubiri, akipona tutavitoa vyote sita."

Shehe alikuwa wa kwanza kuweka kikombe chake kwenye sinia. Sote tukaweka. Chai haikumezeka tena.

Shangazi wa Tausi akauliza, "Mbaruku, ni kweli?"

Angeweza kusema samahani. Angeweza hata kukana, ingawa tulikuwa watatu wa kumsuta. Mbaruku aliangalia sinia, akaona vikombe vitano pembeni mwa miguu ya watu, na hakuwaza mkewe aliyekufa wala aliye hai. Aliwaza kabati. Akasema, "Vitavunjika hivi," akanyakua sinia lote, birika na vikombe, akakimbilia sebuleni kuvifungia. Mikono imejaa, kanzu ndefu. Mguu ukagonga kizingiti.

Mlio wa kuvunjika ulisikika mpaka kwa jirani. Vikombe vitano na birika, havikubaki hata kimoja. Mbaruku alipiga magoti akawa anaokota vipande, anajaribu kuunganisha mkono wa kikombe hiki na tumbo la kile, damu inamtoka kidoleni, anasema, "Mmeniangamiza, mmenionea." Mtenda akitendewa hujiona ameonewa. Najua ningepaswa kumhurumia. Sikumhurumia, na mkitaka kunisema, nisemeni.

"Tausi," shangazi yake akasema, "kafunge mzigo wako."

"Nilishaufunga asubuhi," Tausi akasema.

Talaka yake aliipata kabla ya mwezi kwisha. Na Mbaruku yuko hapa hapa mjini, mnamwona. Hakuna mtu aliyempiga wala kumtukana. Ila akienda harusini, wengine wakipewa chai kwenye bilauri, yeye anapewa kopo la plastiki. Akienda khitmani, kopo. Hatukukaa kikao, hakuna aliyepanga. Analipokea, anakunywa, anasema ahsante.

Sasa kesi ni hii. Kikombe cha sita, kile cha uji, kilibaki pale chini mkekani, hakikupata hata ufa. Mwajabu alikiinua, Chausiku akamshika mkono, Tausi akasema, "Ngojeni kwanza." Na ugomvi ulianzia hapo.

Chausiku anasema ni chake. "Bila maneno yangu ingekuwa karamu ya chai na baba angemaliza siku anasifiwa. Niliyabeba maneno yale miaka yote, hata nilipotaka kuyasahau. Mama hakuuawa na ugonjwa peke yake. Mimi ndiye niliyeutaja huo ugonjwa wa pili mbele za watu."

Mwajabu anasema ni chake. "Wewe ulikuwa na hasira yako, ukaipiga kelele ikaisha. Mimi niliimeza. Nani aliyekuzuia na mchi? Nani aliyewaleta mashahidi? Siku saba nilimpa mwingine kikombe cha mama kwa mikono yangu. Nikinywa kitu cha moto mpaka leo mashavu yananiuma."

Tausi anasema ni chake, na huyu ananitatiza kuliko wote. "Ninyi mmeishi na ule ufunguo tangu mnazaliwa, haukutoka shingoni. Mimi ulitua mikononi mwangu kwa siku tisa. Na ninyi mlipoteza nini Ijumaa ile? Mmepata kisasi, mmerudi makwenu kwa waume zenu. Mimi nimerudi kwa baba yangu nimeachika, na hina haijafutika. Tena Bi Mwantumu sikumjua, nimemlipizia bila kuzaliwa naye."

"Wewe si mwanawe," Chausiku akamwambia.

"Alisema nini siku ile? Wewe si ndiye unayekumbuka? Sema."

Na Chausiku, ambaye hajui kupunguza neno, akasema: "Kikombe changu atakinywea atakayenilipizia."

"Alisema mwanangu?"

"Hakusema."

Niliwashauri wakinywee kwa zamu. Chausiku akakataa hapo hapo. Mama yake alisema atakayenilipizia, hakusema watakaonilipizia, na yeye hawezi kuliongeza neno la marehemu. Wengine wawili wakaona aibu kuliongeza pia.

Basi kikombe wakakiacha kwangu mpaka pawe na hukumu. Nimekifungia kisije kikaguswa na wajukuu. Mwaka umepita na miezi miwili, na bado hakuna mdomo uliokigusa. Wakati huo Bi Mwantumu yuko chini anangoja alipwe, na sisi hapa juu tunamwambia asubiri. Hilo limenichosha. Ijumaa hii nimewaita wote watatu kwangu. Nitapika uji, nitautia kwenye kikombe kile ukiwa wa moto, na nitamkabidhi mmoja wao mbele ya wenzake. Na wale wawili watakaoondoka bila kitu, mnawajua walivyo. Wameshaonyesha wanavyoweza kulipiza.

Haya, wenye akili semeni: aliyebeba maneno, aliyemeza hasira, au aliyepoteza nyumba? Je, wewe ungempa nani?